Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kingamwili zetu zipimwe mapema

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Nakuandikia kama mzazi wa mtoto mwenye selimundu, kuomba kingamwili za wagonjwa wetu (protini za mwili zinazopambana na virusi) zipimwe kabla tiba mpya za jeni hazijafika. Watoto takriban 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka nchini. Upandikizaji wa uloto (uboho wa mifupa unaotengeneza damu) ulioanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tunaushukuru, ila kwa kawaida unahitaji ndugu anayelingana na mgonjwa, na wengi hawanaye.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Lyfgenia, tiba ya jeni ya selimundu, kwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Bei hiyo tuiache. Hata ingekuwa bure, seli shina, zile zinazozalisha damu, hutolewa, zikapelekwa maabara, zikaingiziwa jeni kwa kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, na kabla ya kurudishiwa seli hizo mgonjwa hupewa dawa kali za kemo zinazoua uloto wake. Wodi za kumlinda mtoto dhidi ya maambukizi katika wiki hizo za kinga dhaifu tunazo ngapi?

Mimi natazama kinachofuata. Mwaka 2019 taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, na Wakfu wa Gates walitangaza angalau dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zinazoweza kutumika Afrika: sindano tu, kirusi kikatafute chenyewe seli shina humo humo ulotoni. Kazi hiyo ni ngumu. Kirusi huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kilicho juu yake, kwa hiyo wataalamu hulibadilisha ganda lake la nje ili lishike kipokezi cha seli inayotakiwa na kuzipita nyingine. Mara nyingi ini hudaka sehemu kubwa ya virusi hivyo kabla havijafika. Na ganda lililofaa kwa kiumbe mmoja si lazima lifae kwa mwingine. Lile liitwalo PHP.B, la AAV (kirusi kidogo kinachotumika sana kubeba jeni), liliingia vizuri ubongoni mwa panya wa ukoo mmoja, likashindwa kwa panya wa ukoo mwingine na kwa nyani, kwa kuwa kipokezi lilichokitegemea wao hawanacho.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Aliyewahi kuambukizwa kirusi cha asili ana kingamwili zinazoweza kukizima kirusi cha tiba, na majaribio mengi humwacha nje mtu wa namna hiyo. Kingamwili dhidi ya adeno aina ya 5 (adeno ni jamii ya virusi vinavyoleta mafua) zimeenea sana Afrika kusini mwa Sahara. Ni mojawapo ya sababu watengeneza chanjo walihamia aina nyingine. Janssen, chanjo ya UVIKO tuliyoanza nayo Julai 2021, ilibebwa na adeno aina ya 26. Waliochanjwa huenda sasa wana kingamwili zake pia.

Ombi langu ni moja. Wizara iiagize NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), pamoja na MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), ipime kingamwili dhidi ya virusi vinavyotumika kubeba jeni (adeno, AAV na jamaa zao) kwa wagonjwa wa selimundu, hasa watoto, ikianzia Kanda ya Ziwa ambako ugonjwa ni mwingi. Sampuli zilizohifadhiwa kwa ridhaa zitumike kwanza, gharama itapungua. Matokeo yatangazwe hadharani, na kampuni yoyote itakayokuja kuomba kibali cha majaribio ioneshe ganda lake limezingatia takwimu hizo.

Tunaomba jibu kabla ya bajeti ijayo ya Wizara kusomwa bungeni.

Mzazi, Mwanza