Hataza kwanza, bango baadaye

Mhariri,

Mwenzangu wa uzamili alibandika bango la uvumbuzi wake kwenye kongamano, michoro yote wazi, watu wakaipiga picha kwa simu. Alipokwenda kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake bila ruhusa, akaambiwa uvumbuzi si mpya tena, ameshautangaza mwenyewe. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba baada ya kutangaza, lakini Ulaya kwa kawaida hakuna huruma hiyo. Hata tasnifu iliyowekwa maktabani ikasomeka huhesabika kuwa umetangaza.

Wasimamizi hutuhimiza tuchapishe, tuchapishe (majina yao nayo yamo), ila hataza hawaizungumzii. Fomu ya kusajili utafiti iulize tu: kuna cha kulinda hapa, na ni cha mwanafunzi au cha chuo?

Mwanafunzi wa uzamili