Vilima vya mjini navyo vihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie matembezi ambayo kurasa za safari huyaruka: kupanda kilima cha mjini, saa moja kwenda na kurudi, na ukifika juu maghorofa yote yamejipanga mbele yako. Kila mara tunaandikiwa habari za milima ya siku tano, mahema na wapagazi. Sawa, ina watu wake. Lakini anayetoka kazini jioni, au bibi mwenye magoti mabovu, apande wapi?

Hesabu yake ni nyepesi. William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa kanuni yake mwaka 1892 na hadi leo inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 2 yenye mwinuko wa mita 100 ni kama dakika 34 kufika juu. Viatu visivyoteleza na chupa ya maji vinatosha.

Hata hivyo, wepesi wa njia hutegemea zaidi ilivyochorwa kuliko urefu wake. Frederick Law Olmsted, aliyebuni bustani ya Mont Royal huko Montreal, iliyofunguliwa mwaka 1876, aliizungusha njia mlimani taratibu ili hata asiye na nguvu apande. Njia za namna hiyo tunaziharibu wenyewe. Tukifika kwenye kona tunakatiza. Nyasi zinakufa, mvua ikinyesha maji yanapita palepale tulipokanyaga, na haupiti muda pamekuwa mtaro wenye mizizi iliyo wazi. Hapo ndipo wazee wanapojikwaa.

Ila kilichonifanya niandike ni mandhari yenyewe. Wasimamizi wa miji hufyeka nyasi na kupaka rangi viti, halafu hutoa kibali cha jengo refu mbele ya kilima. Njia inabaki, cha kutazama hakipo tena, na ghorofa likishasimama halibomolewi kwa ajili ya watembeaji. Montreal jengo haliruhusiwi kuuzidi mlima wake, wenye kimo cha takriban mita 233. London inalinda mwonekano wa kanisa kuu la St Paul's kutoka Primrose Hill, kilima cha mita sitini na kitu tu. Tena ndani ya Richmond Park, kwenye King Henry's Mound, kuna uwazi katika ua wa miti unaopogolewa ili kuba la kanisa hilohilo lionekane. Umbali ni kama kilomita 16!

Najua atatokea wa kusema kwamba ulinzi huo unabana ujenzi wakati watu hawana nyumba. Makazi yanahitajika, sibishi. Lakini kinacholindwa London ni mistari michache ya macho, si anga lote. Jengo husogezwa kando au hupunguzwa ghorofa, na ujenzi unaendelea.

Jambo jingine ni malango. Sehemu nyingi hufungwa jua likizama, ilhali nusu saa inayofuata ndiyo bora kuliko zote: anga bado lina rangi ya samawati, madirisha yanawaka ghorofa baada ya ghorofa, na barabara zinageuka nyuzi za taa. Kama hofu ni usalama, ziwekwe taa fupi za kumulika miguu na awepo mlinzi wakati wa kushuka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mamlaka za miji ziandike kwenye ramani za mipango miji ni kipi kinachopaswa kuonekana kutoka kila kilima, kabla ya kibali kingine kutolewa. Na gazeti lako litenge safu ndogo ya njia hizi, ikitaja urefu, mwinuko, palipo na ngazi, palipo na viti na saa ya kufunga lango.

Msomaji wako,
Mpenda vilima