Dai la maegesho si faini ya polisi

Mhariri,

Mwezi uliopita, hapa Uingereza, nilizidisha muda kwa dakika 17 kwenye maegesho ya supamaketi. Foleni ya kulipia haikusogea. Ikaja barua: pauni 100. Shemeji akanisihi nilipe upesi, maana karatasi ilifanana kabisa na ya polisi. Nikagoma. Lile ni dai la kampuni binafsi. Kwa sheria ya 2012 ya England na Wales, kampuni iliyotegemea kamera haiwezi kumdai mwenye gari kwa kosa la dereva ikiwa barua haikumfikia ndani ya siku 14. Yangu ilifika siku ya 23! Nikapinga kwa maandishi, wakalifuta.

Ila msizitupe barua hizo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali dai la pauni 85 kwa dereva aliyezidisha dakika 56 kule Chelmsford.

Msomaji wenu,
Leicester