Chipu za jeni zitazamwe kabla ya hesabu

Mhariri,

Salaam kutoka Kisauni. Naomba nafasi niseme na walimu wanaosimamia vijana wa uzamili kwenye mambo ya jeni hapa Pwani, manake hili jambo limeniuma kweli.

Juzi kijana wa jirani alikuja na laptopu yake, ana data ya maikroarei, yaani vibao vidogo vya kupima jeni maelfu kwa pamoja zinafanya kazi kiasi gani, chipu 24 za kampuni ya Affymetrix, nusu wagonjwa nusu wazima, ashapata jeni zaidi ya elfu mbili "zilizobadilika" na tasnifu ashaianza. Nikamuuliza, mwanangu, picha za chipu umezitazama? Akanambia, hatukuambiwa, ami. Basi tukaketi barazani tukazifungua moja moja. Ya tisa ilikua na doa jeusi la mviringo kabisa, kama alama ya kikombe cha chai mezani, hapo povu la hewa lilikaa ndani RNA, ile nakala ya jeni inayopimwa, ikawa haikufika. Tukachora boksiploti, mchoro wa kuonyesha namba za kila chipu kwa kisanduku chake, visanduku 23 vimepangana sawa, hicho kimoja kimeshuka peke yake. Hilo mbona rahisi, unaitoa ama unairudia.

Lililonikata maini ni tarehe chipu zilipopimwa. Ziko humo humo ndani ya faili za CEL, zile zenye namba za kila chipu, mtu akifungua anaziona. Wagonjwa wote Jumatatu, wazima wote Alhamisi! Sasa hizo jeni elfu mbili ni ugonjwa ama ni tofauti za siku za maabara? Hakuna programu itakayomtenganishia. RMA, ile njia ya hesabu ya chipu, inasawazisha namba za chipu zote zikae kwa umbo moja lakini hilo haliwezi, dawa yake ilikua kuwachanganya tangu maabara, kila siku wagonjwa kadhaa na wazima kadhaa.

Na tusisingizie pesa. R, programu ya takwimu, ni bure, Bioconductor, mkusanyo wa vifaa vyake vya mambo ya jeni, ilianza 2001 nayo ni bure, ndani mna affy ya kusoma chipu na limma ya kutafuta jeni zilizobadilika, na mna arrayQualityMetrics, unaipa data yako inakutolea ripoti nzima na chipu zenye wasiwasi inaziwekea alama. Hata RNA iliyooza inaonekana, affy inakuchorea mstari, ukipanda sana kutoka ncha moja ya RNA, ya 5', kwenda ncha ya pili, ya 3', jua ilianza kukatika kabla ya kufika kwa chipu, na kwa joto letu hili, sampuli kwenye kibox cha barafu foleni ya Nyali, hilo si la kupuuza hata kidogo.

Ninachoomba: msimamizi asisome sura ya matokeo kabla hajaiona hiyo ripoti na tarehe za chipu zote, na mpango wa siku za maabara upitiwe na mtu wa takwimu kabla damu ya mgonjwa haijatolewa. Watu wametoboliwa mishipa kwa ajili ya hizi data jamani.

Yule kijana anataka kurudia. RNA iliyobaki kwenye friza inatosha wagonjwa sita tu.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa