Barua ya wazi kwa vijana wanaopanda cheo cha chifu ofisa

Wanangu,

Hongereni kwa kufaulu mitihani. Furahini sasa, maana mkishakanyaga ngazi ya meli furaha hiyo mtaisahau. Nilikishika cheo hicho cha msaidizi mkuu wa nahodha miaka mingi kabla ya kukabidhiwa chombo changu, na mpaka leo nasema ni kigumu kuliko unahodha. Nahodha hujibu kwa yote, lakini wewe ndiye unayeyashika: shehena, uthabiti wa meli, matengenezo ya sitaha, serahangi (mnyapara wa sitaha) na mabaharia wake, maboti ya kuokolea. Juu ya hayo una zamu ya saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na jioni tena vivyo hivyo. Sheria inakupa saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na 77 kwa juma. Nakiri kwamba karatasi zangu za mapumziko zilikuwa nzuri kuliko usingizi wangu.

Ninalotaka kuwaambia ni hili: kimya si taarifa.

Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo, yaani ya mbele, ikiwa wazi. Msaidizi wa serahangi aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake. Chifu ofisa, aliyetakiwa kuhakikisha imefungwa, aliamini amemwona akija, akaondoka. Utaratibu ulimtaka awe chumba cha usukani karibu wakati uleule. Nahodha hakuletewa habari mbaya, akachukulia kuwa mambo ni sawa. Maji yakaingia kwa milango hiyo, feri ikalala ubavu muda mfupi baada ya kutoka bandarini. Watu 193 walikufa. Wengi humlaumu chifu yule, na lawama anayo, ila waliompangia kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja wanayo zaidi. Mkipewa agizo la namna hiyo, semeni kabla kamba hazijafunguliwa.

Na maji hayahitaji kuwa mengi ili kuilaza meli. Yakipata uwanja mpana, meli ikiinama kidogo yote hukimbilia upande huohuo na kuizidisha kuinama. Tangi la farumi, yaani la maji ya kuituliza meli, lililojaa nusu hufanya vivyo hivyo. Kompyuta ya shehena itakuonyesha hesabu safi, lakini inahesabu ulichoiandikia tu. Aliyekwambia tangi ni tupu alilipima, au alikumbuka?

Vyeti vya shehena navyo vina kimya chake. Bulk Jupiter ilizama Januari 2015 ikiwa na shehena ya boksiti, madini ya kutengenezea alumini, na kati ya mabaharia 19 alipona mmoja. Shehena ya madini ya ungaunga iliyolowa huonekana kavu inapomwagwa, kisha mtikisiko wa bahari huigeuza tope linaloteleza. Cheti kikisema unyevu uko chini ya kikomo, na wewe umeona mvua ikilinyeshea lundo gatini, simamisha upakiaji. Simu za hasira zitakuja. Zipokee kwa adabu, na falka, yaani milango ya vyumba vya shehena, zibaki zimefungwa mpaka kipimo kipya kije.

Sisemi haya kama mtu asiyekosea. Siku moja nilitia sahihi kibali cha kuingia tangi nikitegemea kipimo cha hewa cha jana yake. Serahangi, mtu mzima kunishinda, alikisoma, akanirudishia. “Chifu, hewa ya jana tuliivuta jana.” Niliona haya mbele ya vijana, na karibu nimkaripie. Tukateremsha kipimo: juu oksijeni ilisoma 20.9 kwa mia, kama hewa ya kawaida, katikati ikashuka, chini kabisa ikasoma 16. Kutu ya tangi ilikuwa imeila oksijeni usiku kucha, bila harufu wala moshi. Vijana wawili walikuwa wameshavaa mikanda ya kushukia.

Tangu siku ile, kila nilipopanda meli mpya, mtu wa kwanza niliyemtafuta baada ya nahodha alikuwa serahangi. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba karatasi yangu yoyote anaweza kunirudishia.

Mzee wenu wa baharini