Barua ya wazi kwa wanandoa wapya: jina la mapenzi lina mwenyewe

Wanangu,

Nawasikia mnavyoitana: beibi, switi, dia. Sina ugomvi na maneno hayo. Hata laazizi, muhibu na habibi yalitoka Kiarabu, na leo nani atayaita mageni? Kinachoniuma ni kusikia neno unalomwitia mwenzako likigawiwa kila anayepita. Likishazoeleka kwa wote, mwenye nyumba ataitwa nani?

Waswahili wana nyonga mkalia ini. Ini kwetu lina hisia kama moyo, ndiyo maana neno chungu twasema limekata maini. Wafaransa nao humwita mpenzi kiroboto, wengine kabichi, na anayeitwa huyeyuka kwa furaha. Neno hulelewa na wawili. Itazameni hata ile ki- yetu: katika kijitu inamdunisha mtu, katika kipenzi inamkumbatia. Basi msije mkalitamka jina la mapenzi kwa kejeli mbele ya watu, "haya, mpenzi wangu mjuaji." Likishaonja dharau, kulisafisha ni kazi. Na muulizane kama mwenzako analipenda analoitwa. Wapo wanaovumilia miaka kwa kuona haya.

Lakini kubwa ninalowasihi ni hili: msilinyang'anye kwa hasira.

Marehemu mume wangu aliniita Laazizi tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Siku moja tuligombana kwa ajili ya fedha. Nilikuwa nakunja shuka, yeye yuko mlangoni, akaniita kwa jina langu kamili, la kwenye cheti, pamoja na la baba yangu. Hakupaza sauti. Shuka ikabaki mikononi, nikawa sijui niikunje au niiweke. Matusi ningeyajibu, lile jina lilinifanya mgeni chumbani mwangu. Tulipatana kesho yake, lakini Laazizi ilichukua karibu mwezi kurudi, na muda wote ule tuliitana "wewe" na "sikia."

Baadaye tukawekeana sharti. Tugombane tunavyogombana, jina halishuki. Mara nyingi alianza, "Laazizi, leo umenikera kwelikweli," nami nikajua hasira ni ya jambo, mimi bado ni wake. Ugomvi wa namna hiyo haukuwahi kulala nasi hadi asubuhi.

Wekeaneni sharti hilo mapema, wanangu, kabla ya ugomvi wa kwanza.

Mama yenu