Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ulinzi wa Vifurushi Msimu wa Sikukuu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, sitazirudia hapa. Taarifa hii inahusu jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vya kamati: mizigo inayoletwa majumbani msimu wa sikukuu na kuchukuliwa na wasio wenyewe kabla mlango haujafunguliwa.

Kamati ina msimamo mmoja, na mapendekezo yote hapa chini yametokana nao. Kifurushi huibwa katika muda kinaokaa nje bila mtu. Kwa hiyo kifaa au mpango wowote, kabla hatujautolea fedha, tuuulize kama unapunguza dakika hizo. Kwa kipimo hiki kamera, ambayo wanachama wengi huitaja kwanza, imeshuka hadi mwisho wa orodha yetu.

Mdokozi wa vifurushi havunji kitu. Anaona katoni kutoka barabarani, anaingia kwa mwendo wa mtu aliyetumwa, anainama, anaondoka. Wengine hulifuata gari la mizigo kwa mbali na kuokota nyuma yake, nyumba baada ya nyumba. Mara nyingi ni mchana wa siku za kazi, kwa sababu ndipo mizigo inapoletwa na ndipo nyumba zinapokuwa tupu. Msimu wa sikukuu huzidisha hatari: dereva ana mizigo mingi kuliko saa alizonazo, hasubiri baada ya kugonga mara moja, na saa iliyoahidiwa inasogea mbele bila taarifa.

Hatua ya kwanza haina gharama, nayo hufanyika wakati wa kuagiza. Pale muuzaji anapotoa nafasi ya kuchagua, agiza kifurushi kipelekwe kituo cha kuchukulia mizigo, au kazini kama mwajiri anaruhusu. Kitu cha thamani kubwa kiagizwe kwa sharti la sahihi au namba ya siri ya kupokelea. Oda kadhaa za muuzaji mmoja ziombewe kuja siku moja, maana kila safari ya dereva ni dirisha jipya la wizi. Washa taarifa za ufuatiliaji kwenye simu inayokaa mfukoni mwako. Barua pepe inayosomwa jioni haisaidii kifurushi kilichowekwa mlangoni saa nne asubuhi. Ukisafiri, omba mizigo ishikiliwe mpaka urudi, na uombe kabla gari halijapakiwa. Likishaondoka ghalani, ombi hilo kwa kawaida halimfikii dereva.

Maelekezo ya kufikishia mzigo yawe mafupi. Dereva mwenye haraka husoma mstari wa kwanza, basi mstari huo ubebe jambo lenyewe: “Sanduku la kijivu, kushoto kwa mlango. Weka ndani, funga.” Wanaoandika aya nzima kuhusu kengele mbovu na mbwa mpole hukuta mzigo kwenye ngazi.

Mpango wa jirani mpokeaji ndio ninaouthamini kuliko yote, na pia ndio unaoharibika kwa urahisi. Huharibika kwa sababu watu huishia kwenye “nitakupokelea” bila kukubaliana saa, siku wala mipaka. Fomu ya chama sasa ina vipengele hivi: siku na saa ambazo mpokeaji yupo nyumbani kwa hakika, uzito wa juu anaoweza kubeba, mahali pa kuhifadhia, na muda wa mwisho wa mwenye mzigo kuuchukua. Tumependekeza saa 48. Zaidi ya hapo sebule ya mtu inageuka ghala, na mwaka unaofuata hatajitolea tena.

Mpokeaji asome lebo kabla ya kupokea, jina na namba ya nyumba vyote viwili, kisha apige picha ya lebo na pande zote za katoni kabla ya kuweka sahihi. Katoni ikiwa imebonyea, imelowa, au selotepu yake imekatwa na kubandikwa upya, dereva aandike hali hiyo kwenye kumbukumbu yake, au mzigo ukataliwe. Bila kumbukumbu hiyo, madai ya kitu kilichovunjika humwangukia jirani aliyekuwa akisaidia tu. Na mzigo usikabidhiwe kwa mtu anayesema ametumwa mpaka mwenyewe apigiwe simu kwa namba iliyo kwenye fomu. Namba anayoitoa mchukuaji haihesabiki.

Sasa sanduku la kupokelea mizigo. Hapa makosa ni mengi na hugharimu. Lenye upana wa sentimita 45, kina cha 35 na kimo cha 70 hutosha kwa mizigo mingi ya kawaida. Boksi la viatu, kwa kulinganisha, ni takriban sentimita 33 kwa 20 kwa 12. Bati liwe la milimita 1.5 hadi 2. La chini ya milimita 1 hupindishwa kwa bisibisi pembeni mwa mlango. Bawaba ziwe upande wa ndani.

Yapo ya aina mbili. La kwanza lina kifuniko kinachojifunga baada ya mzigo mmoja. Ni jepesi kutengeneza, lakini dereva wa pili wa siku hiyo hulikuta limefungwa na kuacha mzigo wake juu yake, mahali panapoonekana zaidi kuliko mlangoni. Msimu wa sikukuu hilo hutokea mno, ndiyo maana kamati haipendekezi aina hiyo kwa nyumba zinazopokea mizigo mara kwa mara. La pili lina droo inayozunguka: mzigo huwekwa kwenye droo, droo ikifungwa mzigo unaangukia chini, na bati la ndani huzuia mkono usiufuate. Ubora wake uko kwenye bati hilo. Kabla ya kulipa fundi, weka katoni ndogo, kisha jaribu kuivuta kwa mkono mpaka begani na kwa waya uliokunjwa ncha. Ikitoka, bati ni fupi. Kumbuka pia kwamba mzigo utaanguka karibu kimo chote cha sanduku. Weka sponji ya sentimita 5 chini, na vitu vya kioo vipelekwe kwa jirani mpokeaji.

Sanduku lisilofungwa chini ni zawadi kwa mwizi, maana hubebwa pamoja na vilivyomo. Lifungwe kwenye zege kwa bolti 4 za kupanuka za milimita 10, matundu yenye kina cha sentimita 8, angalau sentimita 10 kutoka ukingo wa zege ili usipasuke. Pulizia vumbi lote litoke tunduni kabla ya kuingiza bolti. Vumbi likibaki, bolti huzunguka bila kushika, na fundi mwenye haraka huiacha hivyo kwa sababu kwa nje inaonekana sawa. Nati zote zikae ndani ya sanduku. Kifuniko kiwe na mteremko, na sakafu ya sanduku iwe na matundu 2 ya milimita 6 ya kutolea maji chini ya kibao kilichoinuliwa kidogo, kwani mvua ya upepo huingia tu.

Kama kufuli ni la namba, usitumie namba ya nyumba wala mwaka wa kuzaliwa. Ibadilishe msimu ukiisha, kwa kuwa madereva wengi watakuwa wameijua. La umeme libadilishwe betri kabla ya msimu, na ufunguo wake wa kawaida usihifadhiwe ndani ya sanduku lenyewe.

Kuhusu kamera nitakuwa mfupi. Iliyotundikwa mita 3 juu huonyesha kofia. Ya kengele ya mlangoni, kwenye kimo cha mita 1.2 hivi, huonyesha sura. Za betri huchelewa kidogo kuamka, hivyo zikielekezwa mlangoni tu hunasa mgongo wa mtu anayeondoka. Zielekezwe njia ya kuingilia. Hakikisha saa ya kamera ni sahihi, na nakili video siku hiyo hiyo, kwani kumbukumbu ikijaa hufuta ya zamani. Taa za kihisi cha mwendo hushika vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, basi zifungwe pembeni ya njia. Vichaka vya mbele vipunguzwe visizidi kimo cha kiuno. Ni kweli vinaficha kifurushi, ila vinamficha na anayekichukua.

Wapo matapeli wasiofika kabisa mlangoni. Ujumbe unaodai kifurushi chako kimekwama na ulipe ada ndogo kupitia kiungo unalenga kadi yako. Usibonyeze, ingiza mwenyewe namba ya ufuatiliaji kwenye programu au tovuti ya msafirishaji. Namba ya siri ya kupokelea haitajwi kwa simu, hutajwa mzigo ukiwa mbele yako. Na katoni tupu zikatwe, lebo zing'olewe, zitolewe asubuhi ya siku ya taka. Katoni ya runinga mpya ikilala nje inatangaza kilichomo sebuleni.

Mzigo ukionyeshwa umefika na huuoni, angalia kwanza picha ya dereva na ulinganishe mlango. Zunguka nyumba nzima, waulize majirani wa pande zote, wapigie wa nyumbani. Wakati mwingine dereva huweka alama ya “umefikishwa” kabla hajafika. Siku hiyo hiyo mwandikie muuzaji, kwa maandishi, ukitaja namba ya oda na ya ufuatiliaji; yeye ndiye uliyemlipa. Toa taarifa polisi ukiwa na video na thamani ya mzigo, na hifadhi namba ya taarifa hiyo. Kabla ya kudai bima, soma kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe, maana mara nyingi kinazidi bei ya kifurushi.

Nawasihi mambo mawili kwa uzito wote. Msimkimbize mwizi, wala msitege kifurushi chenye kitu cha kudhuru. Mtoto au dereva anaweza kukifungua. Pia msirushe picha ya mtu kwenye kundi la simu mkimwita mwizi. Huenda ni jirani mpokeaji anayetekeleza alichoombwa, na jina likishachafuka halisafishiki.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo matatu: fomu mpya ya wapokeaji, ununuzi wa pamoja wa masanduku ya droo kwa wanaohitaji, na siku moja ya mafundi kuyafunga yote kwa drili moja na vipimo vilivyotajwa. Orodha ya wapokeaji ifungwe wiki 6 kabla ya sikukuu, ili kila nyumba iwahi kubadilisha maelekezo kwenye akaunti zake kabla ya kutuma oda ya kwanza.

Mwenyekiti